Mpira wa Juu Ulioanguka Nyuma ya Beisi ya Pili

Machakos, Jumapili alasiri

Kaka yangu Omari,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani hapo Vanga. Barua yako ya mwisho ilisema goti limevimba tena. Umekwenda kumwona daktari, au bado unalikanda na kusema kesho? Na macho ya Mama, je? Anasoma mwenyewe au anasomewa? Niandikie kama ilivyo, usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Mimi ni mzima. Baridi ya mwezi huu imenishinda, nalala na soksi. Maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, na mimi na mama mwenye nyumba tunapokezana kuyakinga. Samaki nimemsahau. Nimezoea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na sasa nisipoyala siku mbili nayauliza.

Umeuliza naandika nini huku bara kusiko na bandari. Wiki tatu hizi nimefuatilia mpira mmoja. Sisemi mashindano. Ni mpira mmoja uliopanda juu ukaanguka.

Walimu wa huku hucheza softboli, wanaume na wanawake katika timu moja. Mmoja anarusha, mwenzake anapiga kwa gongo, na wengine wametawanyika uwanjani, kila mtu na glavu ya ngozi mkononi. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, aliyepiga ametoka. Usipodakwa, anakimbia kuzunguka beisi nne, vituo vilivyowekwa chini, na kila anayekamilisha mzunguko huipa timu yake alama; wakitoka watatu, zamu yao imekwisha. Walimu walikuwa wakicheza na watumishi wa ofisi za wilaya, nami nikaenda kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na habari nyingine. Walimu waliongoza hadi mpira wa mwisho, uliopigwa juu ukaelekea nyuma kidogo ya beisi ya pili. Mlinzi wa katikati kule nyuma, mwalimu wa hesabu aitwaye Musyoki, aliujia mbio, kisha akasimama ghafla. Mpira ukaanguka hatua tano mbele yake. Wakimbiaji wawili wakaingia, walimu wakashindwa.

Niliandika mistari sita nikaisoma kwa simu kwa mhariri wa gazeti Nairobi. Mmoja ulisema, "Musyoki aliogopa mpira." Ukachapishwa.

Jumatatu Musyoki akaja ofisini kwangu, gazeti amelikunja mfukoni.

"Madam, ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Mimi siogopangi mpira."

"Nilikuona ukisimama."

"Kusimama ni kitu ingine na kuogopa ni kitu ingine."

"Basi ulisimama kwa nini?"

Akaitazama kalenda ukutani. "Hiyo siwezi kusema. Lakini hiyo neno itoe. Nikiingia darasani watoto wanafunika kichwa na vitabu. Nikigeukia ubao nasikia, 'Mwalimu, inakuja!' Hao ni watoto, nawaachia. Lakini mimi nimeposa, madam. Mbuzi zimeenda. Sasa wajomba wa msichana wamesoma gazeti, wanauliza wanapatia nani msichana wao."

Kaka, unanijua. Miaka ishirini na miwili katika kazi hii, sijapata kuondoa neno kwa sababu limemuuma mtu. Naliondoa likiwa si kweli. Nikamwambia nitakwenda kuangalia.

Nilianza kwa kujifunza mchezaji anatakiwa afanye nini. Anayewafundisha ni Mwalimu Syombua, mama wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, kitambaa kichwani na raba miguuni. Amecheza softboli tangu chuoni, na ndiye anayesimama beisi ya pili. Alinivisha glavu akanipeleka uwanjani.

"Mpira ikipigwa juu, mguu ya kwanza inaenda wapi?"

"Mbele."

"Ndiyo maana nyinyi watu wa gazeti hamfikangi!" Wote wakacheka. "Mguu ya kwanza ni nyuma."

Sababu yake niliielewa baada ya mipira mitatu kunipita kichwani. Mpira unaokujia moja kwa moja hauonyeshi umbali wake. Ile hatua moja ya nyuma inakupa nafasi ya kuupima, na kutoka hapo kukimbilia mbele ni rahisi kuliko kuanza kurudi umeshachelewa. Wewe golini ulikuwa na mwamba juu yako wa kupimia. Hapa kuna mbingu tupu. Ukiwa umekupita, usirudi kinyumenyume. Unageuza kiuno na kukimbia kama watu wengine, ukiutazama juu ya bega. Unakimbia kwa vidole vya miguu, maana ukitua kwa kisigino kichwa kinatikisika na mpira unaonekana kama unaruka-ruka angani. Hilo nilidhani ni utani. Nililijaribu mara mbili, ni kweli.

Glavu huinyanyui mapema, kwa kuwa mkono ulio juu unapunguza mbio. Unafika kwanza, unasimama nyuma kidogo ya pale utakapoangukia, ili ukiudaka uwe tayari unakwenda mbele kuurusha. Unaudakia juu ya paji la uso, vidole vikielekea juu, na mkono wa pili uko kando ya glavu kuufunika usichomoke. Jua likiwa machoni, glavu ndiyo kivuli chako.

"Na mdomo?" akaniuliza. "Mdomo inafanya nini?"

"Sijui."

"Inasema 'yangu'. Mara tatu. Kama hujasema, hiyo si yako."

Kisha akanipa kanuni ambayo niliiandika kwenye daftari. Wawili wakiuendea mpira mmoja, mwenye haki ni yule anayetoka nyuma kuja mbele, kwa kuwa anauona mpira na anamwona mwenzake. Anayerudi nyuma haoni kitu, kwa hiyo yeye ndiye ampishe mwenzake. Kwa kanuni hiyo ule mpira ulikuwa wa Musyoki bila ubishi, na neno langu likazidi kuonekana la kweli.

Lakini niliketi nikamtazama Musyoki kwenye mazoezi. Alidaka kila mpira uliokwenda kwake, mmoja akiwa amejilaza kifudifudi katika changarawe, akainuka na kiwiko kinachovuja damu. Mwoga hadaki hivyo. Halafu Kimeu, mwalimu mwenzao aliyekuwa na gongo, akaupiga mmoja nyuma ya beisi ya pili. Mwalimu Syombua akarudi hatua mbili, akasimama. Musyoki akaja mbio, akasimama, akageuza uso pembeni. Mpira ukaanguka kati yao, puu. Hakuna aliyecheka, na hawa ni watu wanaocheka kila kitu. Nikakumbuka pia kwamba tangu asubuhi Mwalimu Syombua alikuwa akimwita kila mchezaji kwa jina, ila huyu. Huyu alimwita "wewe wa katikati", tena bila kumtazama.

Nikamuuliza Kimeu.

"Kwani hukuambiwa? Huyo ni mama ya Ndanu. Na Ndanu ndiye Musyoki anaoa."

"Sasa?"

"Haki wewe Mswahili! Atamkimbilia mama mkwe vile ng'ombe inakimbia? Wakigongana je? Waanguke pamoja hapo mbele ya watu? Heri tushindwe mpaka Krismasi."

"Basi mhamisheni Musyoki."

"Na huko nyuma nani atadaka? Mimi? Mimi hata usingizi inanipita."

Wakamba huiita nthoni, haya ya ukweni. Mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawali pamoja, hawatajani majina. Zamani wakikutana njiani, mwanamume huingia kichakani hadi mama apite. Wengi nilioongea nao mjini waliniambia kanisa limeyamaliza mambo hayo. Uwanjani niliona hayajaisha.

Baada ya mazoezi nikamkabili Mwalimu Syombua alipokuwa akikusanya glavu guniani.

"Nifanye aje?" akasema. "Nikimwambia kuja, namwita mkwe anikimbilie. Nikimwambia asimame, naharibu mpira na mimi ndiye mwalimu."

"Kwa hiyo neno langu lilikuwa kosa."

"Ilikuwa kosa. Andika hivyo."

"Mhariri atataka sababu."

"Sababu usiandike. Ukiiandika umeweka boma yetu kwa gazeti, na hao wajomba watakasirika mara mbili."

Nikabaki hapo. Kosa nilikuwa nalo, na kulisahihisha nilitaka kwa moyo wote, lakini sahihisho lisilo na sababu mhariri wangu halichapishi. Nilihitaji jambo lililotokea, ambalo watu wameliona.

Jana walirudiana. Zamu ya mwisho, walimu wako mbele kwa alama moja, mpinzani mmoja amesimama beisi ya pili na mmoja tu ametoka. Karani mmoja wa ofisi za wilaya akaupiga juu, nyuma ya beisi ya pili. Mpiga picha angemtazama Musyoki. Mimi nilimtazama Mwalimu Syombua.

Alianza kurudi nyuma. Nyuma yake nikasikia "yangu", kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Akaisikia. Akavuta kitambaa hadi usoni, akageuka, akatoka mbio pembeni, akaipita beisi ya kwanza, akauvuka mstari wa chokaa, akaingia kwenye nyasi ndefu zilizoko mpakani mwa uwanja, asionekane ila mgongo.

"Yangu! Yangu!" Sasa Musyoki alipiga kelele kama utingo wa stendi. Akafika, akasubiri, akaudaka juu ya paji la uso kwa mikono miwili. Mkimbiaji alikuwa ameshaiacha beisi ya pili, na mpira ukidakwa hutakiwa kuirudia kabla mpira haujaifikia; pale palitakiwa mtu wa kurushiwa mpira, naye yuko nyasini. Musyoki akakimbia mwenyewe akaikanyaga beisi. Wawili wametoka kwa mpira mmoja, na yule wa awali wakawa watatu, mchezo umekwisha.

Mwalimu Syombua akatoka kule akipangusa sketi.

"Njiani ni yeye anatoka," akaniambia mimi, si Musyoki. "Hapa nimetoka mimi. Kuna shida?"

Nikapiga simu Nairobi nikasoma mistari sita. Wa mwisho ulisema, "Katika habari yetu ya awali tuliandika kwamba Musyoki aliogopa mpira. Hakuuogopa."

"Aliogopa nini basi?" mhariri akauliza.

"Safari hii sikuandika kwamba aliogopa kitu."

"Na ule wa kwanza kwa nini hakuudaka?"

"Huu ameudaka. Watu wote wa uwanjani ni mashahidi."

Akaguna, akauchapisha. Leo baada ya misa Musyoki amekuja na gazeti, hakulikunja. Amesema mjomba mkubwa ameusoma mstari ule kwa sauti mezani, mara mbili, na siku ya harusi imepangwa. Nimealikwa.

"Mama mkwe atakaa upande ule wa hema, mimi upande huu," akasema. "Wewe, madam, tutakuweka katikati. Ukiona kitu inaanguka huko, kimbia. Hiyo ni yako."

Mbusie Mama mikono. Msalimie shemeji yangu na umwambie viungo vyake vimefika vikavu. Mjomba, fundi wa mitumbwi, mwambie simsahau katika dua. Wanao wapate salamu kila mmoja kwa jina lake, na shangazi wa nyumba ya nyuma asiseme nimemruka.

Mungu akulaze mzima na akuamshe mzima.

Mimi dadako,
Mwanaisha