Balozi Ni Mimi, Njia Kafunga Baba Mkwe

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie, nimechanganyikiwa hata chai naitia chumvi. Mimi ni mke wa mtu hapa Dunda, na mwezi uliopita majirani walinichagua balozi wa nyumba kumi, sikuomba, niliona tu mikono imenyooshwa, nikafurahi nikidhani wameniona nina akili, kumbe sivyo. Katika nyumba zangu imo ya baba mkwe, Mzee Bwanausi, aliyekuwa jumbe, mtawala wa jadi wa hapa, kabla Serikali haijafuta cheo hicho, naye ameziba kwa ua wa makuti njia ya kwendea kisimani, wanawake wanazunguka mbali na ndoo kichwani, na hakuna anayethubutu kumwambia neno, ndipo wakasema, "Tumchague mkaza mwanawe, atasema naye." Mshauri, mimi na baba mkwe hata macho hatutazamani! Napiga goti, namwamkia, naondoka. Basi Bi Mosi jirani yangu aliponibana, "Umeshasema naye?" nikajibu ndiyo, mzee anafikiri. Na mzee aliponiuliza kama watu wananung'unika, nikasema, "Hapana baba, wameridhika." Jumapili watu wanataka jibu. Mume wangu anasema niache ubalozi, chama kinasema madaraka sasa ni ya wananchi, wananchi wananisukumia mimi, na mimi sijui mwenye madaraka ni nani. Nijiuzulu? Niseme? Nihame?

Mwanabaraka, Dunda

Marahaba, Mwanabaraka. Pole sana, lakini nitakugombeza kwanza. Umesema uongo huku na huku, na sasa mzee wa watu anaamini ua wake haumuudhi mtu. Labda angekwisha kuuondoa. Hujui, maana hujampa nafasi.

Majirani zako nao wana lao. Serikali imewaondolea jumbe, wao wanatafuta mlango wa uani wa kumwendea jumbe yule yule! Adabu ya ukwe usiiache, piga goti lako kama kawaida. Lakini goti hilo ni lako na mkweo, halimfungi Bi Mosi kinywa.

Usihame, wala usijiuzulu kabla ya Jumapili. Mtume mumeo akamwalike baba yake mkutanoni, kwa heshima zote. Watu wakishakaa, ungama uongo wako mbele yao. Utaona haya, na haya haiui mtu. Kisha nyamaza. Kila mwenye kero aiseme kwa kinywa chake, mzee ajibu, halafu uhesabu mikono, na wa mzee ni mmoja tu.

Wakikaa kimya wote, funga mkutano. Kuanzia hapo ua huo si wa Mzee Bwanausi tena, ni wenu nyote mlionyamaza.