Kiatu Kile cha Kwenye Picha

Mtaa wa Nyuma ya Reli,
Sirhind, Punjab.
Januari 28, 2019

Mpendwa mdogo wangu Nasib,

Hujambo huko kwenye theluji yenu ya Kanada? Wifi Kulwant naye, mgongo umemwachia? Sisi tu wazima, ila ukungu wa mwaka huu umekaza, na magoti yangu yamegoma kupanda ngazi. Nyati wetu wa kufugwa amezaa. Maziwa yapo tele, wanywaji ndio hawapo.

Barua yako imefika. Unasema umeitundika sebuleni picha ya mwanao Ranbir ameshika kiatu cha hujaji, na tangu uipate unalala usingizi mzuri. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nikakasirika.

Mwanao alifika siku zile za Desemba tunapowaombolezea wana wadogo wa Guru wetu, waliouawa hapa Sirhind, siku ambazo hapiki kitamu mtu na tunalala sakafuni. Yeye aliingia na makopo ya chokoleti. Nikamtandikia godoro chini, kando ya langu. Akalitazama kama nimemtandikia zizini, akaenda zake hotelini Chandigarh. Kilichomleta ni nadhiri yako, si godoro langu.

Nadhiri nilikuwepo ulipoiweka. Homa ilimpanda kichwani akiwa na miezi minane, ukalia ukasema akipona atafuta viatu vya mahujaji kwenye hekalu letu, gurdwara, kwa mikono yake, asubuhi hadi jioni. Na kwa kuwa jirani yetu mama Sakina alishinda rauza, kwenye kaburi la walii wao, akimwombea, ukaahidi kwamba mtoto atalitandikia pia lile kaburi shuka ya kijani.

Basi tukaenda gurdwara. Bwana mkubwa akasimama kwenye chumba cha viatu na miwani ya jua, ndani ya ukungu! Akamwona mzee amechuchumaa, anafuta. Akamnyooshea noti ya rupia mia tano.

"Mzee, nifutie na zamu yangu, nina haraka."

Mzee mwenyewe ni Bwana Sodhi, jaji mstaafu. Hakuna anayelipwa pale, hata watoto wa Sirhind wanajua. Jaji akamrudishia noti yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hapa hakuna vibarua, kuna wenye dhambi tu. Chuchumaa, nafasi ipo."

Hakuchuchumaa. Suruali ingekunjamana. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kule rauza alinunua shuka kubwa kuliko zote, akamsukumia Inayat Ali, mtunza kaburi, aitandike yeye, mwenyewe akabaki nje na simu sikioni. Inayat aliitandika, akakuombea wewe kwa jina. Bado anakukumbuka.

Nikampeleka hata Aam Khas Bagh, ile bustani ya wafalme tulikokuwa tukiiba mapera. Akaniuliza kwa nini kuta zile zisibomolewe, wapate pa kuegesha magari. Nasib, ulikuwa unalea nini huko? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Nisalimie Kulwant, na binti yako Simran, ambaye angalau hupiga simu kuniuliza hali. Sakina anakusalimu sana. Ranbir msalimie pia. Ni damu yangu, nifanyeje.

Sasa simama mbele ya hiyo picha, uitazame vizuri. Kiatu alichoshika ni changu, cha kushoto, kile ulichonitumia mwaka aliofariki baba. Utaona nimekishona kwa uzi mwekundu. Aliniomba nikivue mlangoni, akakishika kwa vidole viwili, akapigwa picha, akanirudishia na vumbi lake lote.

Sijakifuta. Kipo chini ya kitanda changu hivyo hivyo. Nadhiri uliiweka wewe, na miaka ishirini na tatu hujakanyaga hapa. Njoo ukifute mwenyewe, ningali na mguu wa kukivaa.

Guru akulinde, akulainishie njia.

Wako akupendaye, pamoja na ukali wake wote,
dada yako Bachint Kaur