Sitaliendesha Gari Jeupe la Parrain

Overport, Durban
10 Juni 2024

Papa mpendwa,

Jambo sana. Mgongo unasemaje? Na Mama, dawa ya presha anaimeza au bado anaificha chini ya godoro? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imetuingia hadi kwenye mifupa. Nakuandikia, barua naipiga picha na kuituma kwenye simu ya Mama, kwa sababu kwenye simu husikii tena vizuri, na jambo hili sitaki ulisikie nusu.

Annick, yule Mrundi ninayesuka naye hapa saluni, anaolewa tarehe 6 Julai. Cédric wake anataka picha za arusi kwenye theluji. Kwa hiyo kesho yake tunaondoka kwenda milima ya Eastern Cape, kule Wazungu wanakoteleza na mbao miguuni. Dereva wa maharusi ni mimi. Unajua tangu nipate leseni nawapeleka watu wa kwaya kila mahali, na sijawahi hata kukwaruza bampa.

Shida ni gari. Papa Ephraim ndiye parrain, msimamizi wa ndoa, na kwa desturi yetu gari la maharusi analichagua yeye. Amekwenda kwenye ofisi ya kukodi magari akachagua jeupe, refu, la chini, viti vya ngozi. Zuri, sikatai. Lakini nimepiga simu hotelini huko juu. Kipande cha mwisho cha barabara ni changarawe na kona za mlima, na Julai kinaganda barafu. Wamesema tuje na gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nimemwambia Ephraim jeupe sitaliendesha.

Yeye ni mtu wa Uvira kama sisi, anakuita kaka mkubwa. Wewe umeendesha lori miaka ishirini na sita. Mwandikie mistari miwili tu, umwambie nina haki.

Binti yako,
Laurette

Uvira
15 Juni 2024

Laurette mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mama yako amecheka kuhusu godoro, maana ni kweli. Mgongo unaniuma asubuhi, mchana unanisahau.

Lakini barua ya kumpinga parrain siandiki. Nani alikufundisha hayo? Parrain ndiye baba wa ndoa. Akichagua gari, watu wanapanda na kushukuru. Ukimkatalia mbele ya watu, anayeaibika ni mimi, kwa sababu watauliza huyu ni binti wa nani.

Mimi sikuwahi kuchagua gari. Bosi alinipa funguo, nikapanda nalo milima ya Ngomo hadi Bukavu, mvua au jua. Dereva anayejua kazi halalamiki. Theluji ni nini? Ni matope meupe tu. Punguza upepo kwenye matairi, weka mifuko miwili ya mchanga nyuma, usiguse breki ovyo, utafika. Na Jumapili hii umwombe Ephraim msamaha.

Papa yako

Overport
24 Juni 2024

Papa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na Mama pia. Afya ipo. Hasira pia ipo.

Msamaha sikuomba. Nilikwenda mwenyewe kwenye ile ofisi. Nilipiga magoti kwenye lami nikachungulia chini ya jeupe, ngumi yangu haikupita kati ya tumbo lake na ardhi. Dada wa pale, Mzulu, akaniuliza watu wangapi, mizigo kiasi gani, changarawe kilomita ngapi. Ephraim hakuulizwa hayo kwa sababu alikuwa ameshanyoosha kidole. Kisha yule dada akanionyesha bakkie, ndivyo wanavyoita pikapu hapa. Milango minne, dizeli, imeinuka vizuri, ina gia ya chini kwa ajili ya mlima na minyororo ya kufunga kwenye matairi. Ina mkwaruzo mlangoni. Nikaichagua hiyo.

Jana baada ya ibada kule Sydenham, Ephraim alipaza sauti ili kwaya nzima isikie.

"Eish, Laurette! Bibi-arusi apande bakkie sawa mbuzi? Ile iko aibu!"

"Papa Ephraim, chagua shati ya bwana-arusi, chagua keki. Gari ya kupanda mlima atachagua mwenye kushika usukani."

"Basi usukani nitashika miye. Sharp, sawa?"

Akaninyang'anya kazi hapo hapo. Annick alitazama viatu vyake. Basi bakkie nimeikodi kwa jina langu, na nitawafuata nyuma hata nikiwa peke yangu.

Na theluji si matope, Papa. Matope yanakushika, barafu inakuachilia.

Neno la mwisho, unisamehe au usinisamehe. Mama aliniambia kwamba siku lori lilipoanguka Ngomo na kumuua kaka Doudou, ulijua tangu asubuhi breki ni mbovu. Ulipewa funguo, ukapanda. Mimi siwezi.

Laurette

Overport
14 Julai 2024

Papa,

Hujambo? Siku ishirini hujaandika. Mama anasema unakula vizuri na mgongo umetulia, kwa hiyo najua ugonjwa ni mimi.

Utasikia kwa Ephraim, bora usikie kwangu. Barabara ilikuwa kavu. Theluji ilianguka wiki iliyotangulia, jua likaiyeyusha, ikabaki kule juu tu wanakotelezea. Jeupe lilipanda taratibu, likakwaruza tumbo mara mbili, likafika. Mimi nilikuwa nyuma na viti vitupu, nameza vumbi lao. Ephraim alishuka akanipigia makofi. Picha ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Sasa kwaya wananiita Madame Barafu, na safari zao wamempa dereva mwingine.

Waseme. Ningekataa tena kesho. Asubuhi ile hakuna aliyejua kama barabara itakuwa kavu, Ephraim naye hakujua, alibahatika tu. Nililia kidogo kwa sababu Annick hakunitetea, kisha nikanawa uso nikaenda kazini.

Laurette

Uvira
22 Julai 2024

Laurette mwanangu,

Sisi ni wazima. Salamu ni fupi leo kwa sababu karatasi hii nimeiandika mara tatu.

Ephraim alinitumia habari zako na kicheko kingi. Nimemjibu kwamba alikosea, na kwamba mimi nilikosea zaidi kwa kunyamaza.

Mama yako alikuambia nusu. Kwa breki zile zile nilipanda Ngomo mara kumi na moja. Mara kumi na moja tulifika, tukapakua mizigo, tukala, bosi akanisifu. Kila nilipofika niliamini kwamba zinatosha. Mara ya kumi na mbili Doudou, aliyekuwa utingo wangu, alikataa. Alisimama barabarani mbele ya bosi na wapakiaji, akasema, "Papa, hii gari haiko na breki. Mimi siingii." Niliona haya. Nikampigia kelele mpaka akaingia.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili na kichwa kigumu kama chako. Nimekaa na hilo miaka kumi na minne, halafu ulipoandika kwamba hutaliendesha, nikakupigia kelele na wewe.

Wewe hukuingia. Kataa tena, mwanangu, hata kukiwa kukavu, hata wakicheka. Na mimi niandikie kwa hasira kadiri unavyotaka, mradi uandike.

Papa yako