Kebo Niliyoikunja kwa Mkono

Jumatatu, 9 Juni

Dada Nagaratna kaondoka saa nane mchana, kimyakimya. Mama mkwe wake kalazwa ghafla. "Vanaja, mdogo wangu, angalia mezani kwangu, nimalizie kama kuna kilichobaki. Shivanna asijue!" Shivanna ndiye msimamizi wetu. Neno ruhusa halipendi.

Ilibaki kebo moja. Nikalehemu konekta huku na huku, risasi ya kulehemia ikatulia vizuri — halafu nikashtuka. Sikuikunja! Kebo hizi ni bomba la shaba, si uzi. Unakunja kwanza, konekta baadaye, la sivyo kiungo kinadhoofika. Ilipasa niikate nianze upya. Lakini basi la kiwanda lilishawashwa. Nikaikunja hivyohivyo, kwa mkono, karibu kabisa na kiungo. Kwa macho, haina kosa.

Lebo nikafunga yenye namba ya dada. Si yangu.

Jumanne, 10 Juni

Dada kanishika mkono asubuhi. Anasema jana akili haikuwa yake, hakumbuki. Kulibaki kitu?

"Hapana, dada. Ulishamaliza zote. Mimi nilipaki tu."

Imetoka yenyewe! Kwa nini? Kanipa idli mbili za moto, vile vikate vya mchele vya mvuke, na chatne ya nazi. Nimekula.

Alhamisi, 19 Juni

Kebo ile imepasuka. Kwenye mashine ya kutikisa, wakati wa kuijaribu, pale pale kiungoni, ufa mwembamba kama unywele. Na kebo hizi ni za rada ya kutazamia vimbunga pwani. Watu huhama au hubaki kwa kuisikiliza hiyo.

Shivanna kaisoma namba ya lebo kwa sauti, mbele ya wote. "Miaka ishirini na sita, mama, bado tukufundishe?" Nagaratna hakubisha. Kasema labda ni macho yake.

Mimi nilikuwa napangusa ncha ya pasi ya kulehemu. Ilikuwa safi. Nikaendelea kupangusa.

Jumamosi, 21 Juni

Dada kanunua miwani mpya. Inamteleza puani. Kaninong'oneza: angalau wewe ulinifichia siri siku ile, Mungu akulipe.

Afadhali angenizaba kofi.

Jumatatu, 23 Juni

Leo dada kapewa jaribio. Akishindwa, anaondolewa mezani, anapelekwa kubandika maboksi. Na wa kumkagua — mimi! Shivanna kaniteua kwa sababu "huna upendeleo".

Kasukuma miwani juu, kavuta kebo. Kakunja, kakata, kalehemu. Nikaiweka chini ya lenzi. Risasi imezunguka kama pete. Plastiki nyeupe ya ndani ya kebo haijavimba kwa joto hata chembe. Mwaka huu sijaona kiungo kizuri hivi.

"Haina kosa," nikasema.

Shivanna hakumtazama yeye. Kanitazama mimi. "Basi ile iliyopasuka aliilehemu nani?"

Nimeomba kwenda msalani. Naandika nimesimama, daftari ukutani, mwandiko wenyewe hausomeki. Shivanna anagonga mlango. Namsikia Nagaratna akimzuia: "Mwache, bwana! Hajala tangu asubuhi huyu." Halafu taratibu, mdomo karibu na mbao za mlango: "Vanaja? Mdogo wangu, nikuletee maji?"