Binti Yangu Aliigiza Mtoto Yesu, Sasa Wanataka Kumbatiza Revocatus

Mpendwa Shangazi Pelagia, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana Jumapili ya kwanza ya Januari haiko mbali.

Naitwa Nyangi, nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Nyasura kule Bunda ila tangu Oktoba nimepanga hapa Kigera, Musoma, na mtoto wangu wa miezi minne anaitwa Wankyo, kwa sababu nilipata kazi ya kushona sare za shule pale Mukendo, na mume wangu Gody amebaki Bunda, yeye ni fundi wa mashine za kuchambulia pamba, anakujaga mwisho wa mwezi. Mimi ni Mmoraviani wa kuzaliwa, kwa hiyo nikajiunga na ushirika wa huku, lakini Shangazi, miezi miwili nimekaa benchi la nyuma na hakuna aliyenijua hata jina, walikuwaga wananiita mgeni, "mgeni sogea kidogo," "mgeni tupitishie kapu la sadaka," basi.

Sasa Jumapili ya pili ya Majilio, nyota yetu kubwa ya karatasi imeshatundikwa juu ya madhabahu, Mama Sara anayesimamia igizo la Krismasi akaja mpaka kwenye benchi langu. Nguo za Wankyo nyingi nashona kwa vipande vinavyobaki dukani, na siku ile alikuwa amevaa kaptula ya kaki na shati la bluu, na masikio bado sijamtoboa. Mama Sara akamwangalia akasema, "Mtoto wa Naomi tuliyempanga awe Mtoto Yesu amekuwa mkubwa, jana kwenye mazoezi kashuka horini akatambaa mpaka miguuni kwa mchungaji. Huyu dume lako ana miezi mingapi?"

Mimi nikasema, "Minne."

Shangazi, niliulizwa miezi nikajibu miezi, hapo sikuona kama nimedanganya. Lakini akauliza tena, "Anaitwa nani?" na hapo nikakwama, kwa sababu ukisema Wankyo mbele ya mtu wa Mara hata awe amelala anajua ni wa kike, na mlangoni nikamwona baba mwenye nyumba wangu, Mzee Revocatus, ambaye anaishi mtaa mwingine na kodi namtumiaga kwa simu, anafuta tarumbeta lake la besi la bendi ya kanisa kwa kitambaa, na mdomo wangu wenyewe, sijui nani aliutuma, ukasema, "Revocatus."

Mama Sara akapiga kelele kanisa zima likageuka, "Mzee Revo! Njoo umwone wajina wako!"

Yule mzee akaja, ni mjane, ana wajukuu saba na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake, watoto wake wanasemaga ni jina la zamani, akampokea Wankyo kwa mikono miwili na machozi yakamtoka hadharani. Sasa Shangazi niambie, ungekuwa wewe ungesema nini pale?

Kuanzia siku ile nikawa Mama Revo, benchi la mbele, mtu ananibebea mkoba, mtu ananishikia mwamvuli, na mazoezini nilikuwa nambadilisha mtoto nepi peke yangu nyuma ya chumba cha mchungaji, wakitaka kunisaidia nawaambia mtoto huyu ana aibu. Mzee Revocatus naye akamnunulia kisuti cheupe chenye tai.

Krismasi ikafika. Gody alichelewa gari Bunda, akaja moja kwa moja kanisani, akakaa nyuma kabisa, mimi sijamwambia lolote, nilijipa moyo kwamba igizo ni la dakika ishirini litaisha na mambo yataishia hapo. Na Shangazi, mtoto alipendeza! Yusufu aliigizwa na Samwel, kijana wa bodaboda, alikuwa na ndevu za pamba, na alipoinama horini Wankyo akazikamata akazibandua zote akatia mdomoni, watu wakacheka mpaka mishumaa waliyoshika watoto ikazimika. Basi mchungaji akasimama na furaha yake akasema, "Huyu mtoto wetu Revocatus, Jumapili ya kwanza ya mwaka tunambatiza, na msimamizi wake atakuwa wajina wake." Mzee Revocatus alinyanyua tarumbeta akapiga sauti moja nene, madirisha yakatetemeka.

Ikaja karamu ya upendo, ile tunayokunywa chai na maandazi tukiwa tumekaa humo humo kanisani, na bibi mmoja akamwegemea Gody bila kumjua akamwambia, "Umemwona Revo wetu? Amepewa jina la mwenye nyumba wao. Sijui baba yake yuko wapi."

Gody alitembea mbele mpaka tulipofika getini. Akasimama. "Mke wangu," akasema, "niliacha binti, nimekuta Revocatus."

Nikasema, "Baba Wankyo, nitakueleza."

"Nieleze jambo moja tu. Majina yote ya Biblia, Yohana yupo, Petro yupo, kwa nini la mwenye nyumba?"

Nikalia, na nafikiri kulia ndiko kulikoharibu zaidi. Kesho yake asubuhi akarudi Bunda na kuku wa kukaanga niliyemfungashia akamwacha mezani. Nikimwandikia ujumbe mrefu anajibu "Poa." Dada yangu Ghati wa Butiama anasema nimbatize Revocata niridhishe pande zote, au nifungashe nihamie kwake Butiama mpaka watu wasahau. Nifanyeje Shangazi? Yule mzee ananiumiza, mume wangu ananiumiza zaidi, na Jumapili inakuja.

Ni mimi, Nyangi wa Kigera.

SHANGAZI PELAGIA ANAJIBU

Nyangi mwanangu, gazeti hili hutoka Jumatano na ungeisubiri ungebatiza mvulana. Bahati yako uliandika namba ya simu, nikakupigia Ijumaa. Haya ninayoandika ndiyo niliyokuambia, na umeniruhusu nitaje majina kwa kuwa sasa ushirika wote unajua.

Kwanza pole. Kukaa miezi miwili kanisani unaitwa mgeni si jambo dogo, na hao wenzako wa benchi la mbele nao wajitazame. Mtu asilazimike kuzaa Mtoto Yesu ndipo asalimiwe kwa jina.

Sasa nikugombeze. "Niliulizwa miezi nikajibu miezi"! Unamweleza nani hayo? Uliisikia "dume" kwa masikio yako mawili ukaiacha ipite kwa sababu ilikuwa tamu. Na mtoto wa miezi minne ana aibu? Aibu ilikuwa yako, ukamvika mtoto.

Hata hivyo, binti kulala horini hakumdhuru Mwokozi. Mimi nimewahi kuona kanisa limetumia mwanasesere asiye na mkono na ibada ikaenda vizuri tu. Kosa lako halipo kwenye hori. Lipo kwa wanaume wawili: mmoja uliyemwacha asikie habari za mwanawe kutoka kwa bibi asiyemjua, na mwingine uliyempa furaha ambayo haikuwa yake.

Anza na mume. Acha ujumbe wa simu. Mtu aliyeumia hasomi, anapapasa kioo cha simu tu. Kesho Jumamosi panda gari la kwanza uende Bunda na mtoto mgongoni, umvalishe gauni, nawe mshonaji gauni halikushindi. Mwambie jina lilitoka wapi: mlangoni, kwenye kitambaa na tarumbeta. Ukianza kulia, lia huku unaongea. Kisha mrudi wote wawili, jioni hiyo hiyo mwende kwa Mzee Revocatus na kisuti chake kimefuliwa na kupigwa pasi, na useme wewe, si Gody. Kutoka hapo kwa mchungaji. Mama Sara mwache wa mwisho, ukimwambia yeye kwanza utakuta umemwambia kila mtu. Naomi, yule ambaye mwanawe alishuka horini, usimwambie kabisa, atajua kabla hujafika nyumbani.

Ushauri wa Ghati uache. Revocata ni jina zuri kwa aliyepewa kwa mapenzi. Wako angepewa kwa woga. Na ukihamia Butiama, Butiama nako kuna Krismasi.

Wasomaji wangu, Nyangi alifanya yote hayo, akanipigia Jumapili jioni. Gody alimsikiliza amesimama mlango wa karakana, mikono ina grisi. Nyangi alipofika kwenye tarumbeta, Gody akauliza, "Kwa hiyo kama mlangoni angekuwa anafagia huyu Pili wetu wa karakana, mwanangu angeitwa Pili?" Akacheka mwenyewe, wakala, wakapanda gari la Musoma.

Mzee Revocatus hakucheka. Alikikunja kisuti mapajani, kisha akauliza, "Huyu Wankyo, ana msimamizi?" Wakamwambia hana. Akasema, "Basi mimi si nilikwishaahidi kusimama."

Asubuhi, kanisa limejaa kuliko Krismasi yenyewe, mchungaji akamchukua mtoto, akatazama gauni, akatazama waumini, akasema kwamba miaka yote ya utumishi wake hajawahi kuuliza swali hili mbele ya maji ya ubatizo, lakini leo ataliuliza. "Ndugu zangu, mtoto huyu ni wa kiume au wa kike?"

Ushirika mzima ukajibu kwa sauti moja, "Wa kike!" Naomi ndiye aliyepaza zaidi.

Kwako Nyangi: Jumapili ijayo, kabla hujakaa, geuka benchi la nyuma. Ukimwona mama aliyekaa peke yake, kamuulize jina lake, halafu msubiri alitaje mwenyewe.