Pampu Nisiyothubutu Kuiulizia

Mshauri mpendwa, nisaidie, na tafadhali ubadilishe majina, maana mji wetu ni mdogo na nusu ya wanaume wake niliwafundisha hesabu mimi.

Nina miaka sitini na mitatu, ni mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu, sikuzoea kuzungumza habari za mwili hata na daktari, na miaka miwili iliyopita nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, nikapona, lakini uume wangu haukusimama tena, vidonge havikusaidia, sindano zilinitisha, basi kiangazi hiki nikafanyiwa upasuaji wa kuwekewa kifaa cha ndani, yaani mirija miwili ndani ya uume, mfuko mdogo wa maji tumboni, na pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani, ambayo ukiibinya maji yanapanda na uume unasimama, na ukibonyeza kitufe chake maji yanarudi. Mke wangu nilimwambia ni ngiri. Nilitaka siku moja nimshangaze, kama mtu anayerudi safari bila kupiga simu.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Kidonda kilipopona niliitwa hospitali nifundishwe kuitumia, na muuguzi aliyeingia alikuwa Gwak Tae-sik, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma darasani kwangu, akainama kwa heshima, "Mwalimu! Mbona umekonda hivyo, unakula kweli?" kisha akanionyesha kwa mfano wa plastiki, hapa unabinya, hapa unabonyeza, haya Mwalimu, jaribu mwenyewe, mimi nageukia ukutani, na mimi, niliyewaambia watoto miaka yote "asiyeelewa anyooshe mkono", niliyewacheka walioitikia kwa kichwa bure kwa kuwaambia "kichwa kinaitikia, daftari linakataa", nikaitikia kwa kichwa, nikasema nimeelewa, nikafunga mkanda. Baadaye alinitumia video, na kila akipiga simu kuuliza, "Mwalimu, mazoezi unafanya?" nami hujibu, "Bila shaka, Tae-sik."

Nilijaribu mara moja tu, siku ya kutengeneza kimchi, ile kachumbari ya kabichi ya kuchachusha, nikijua wanawake wako uani na kabichi zao, nikajifungia bafuni na simu yenye video, nikabinya, ikakubali, mshauri, nusura nilie kwa furaha, lakini kuishusha sikuweza, kila nilipotafuta kitufe kidole kilibinya pampu ikazidi kuwa ngumu, na huko nje mke wangu anaita, "Baba Boram! Njoo ubebe mabeseni! Umelala humo?" Nikasema tumbo linauma. Mwishowe nikatoka, nikanyakua beseni la chumvi lililokuwa mlangoni, nikalikumbatia, sikulitua, na jirani yetu Mama Do-hyeon akapaza sauti mbele ya wote, "Mwalimu, hilo beseni umelioa? Liache basi, mwenzio anaona wivu!" Wakacheka wote isipokuwa mke wangu. Nilirudi bafuni, nikajimwagia maji ya moto, sijui niligusa wapi, ikashuka. Sijaigusa tena.

Juzi asubuhi mke wangu alinishika bega, kwa upole tu, nami nikaruka kama niliyeungua. Akaniuliza, "Ni nani huyo unayejifungia naye bafuni na simu?" Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Basi ni mimi tu nisiyetakiwa."

Jana amenunua mifupa ya ng'ombe, ameinjika sufuria kubwa kuliko zote, supu ya kumtosha mtu mmoja mwezi mzima, na kila mume wa hapa kwetu anajua maana ya supu hiyo: mke anaondoka, na harudi karibuni. Anasema anakwenda Seoul kwa binti yetu Boram, kumsaidia kulea mtoto. Sikuthubutu kumwuliza atarudi lini. Nifanye nini?

Mwalimu Asiyeelewa

*

Mwalimu,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, maana mifupa haichemki milele.

Pole kwa saratani, na hongera kwa kupona. Pole yangu inaishia hapo. Mwanamke aliyekuuguza ulipotolewa tezi dume, unamwambia ngiri? Ulitaka kumshangaza, na umemshangaza kweli: anadhani una mwanamke mwingine, tena anaishi bafuni kwake.

Kifaa chako hakina kasoro. Kidole ndicho hakijasoma. Kubinya pampu badala ya kitufe ni kosa la wanaoanza, ndiyo sababu kuna mazoezi. Jifunze ukiwa kwenye maji ya vuguvugu, mwili umelegea, hakuna anayekuita nje. Ishike pampu kwa mkono mmoja isiponyoke, na ukijue kitufe kilipo kabla hujabinya chochote. Ikigoma kushuka, au ukiona maumivu, wekundu au homa, ni hospitali siku hiyo hiyo, si beseni. Mimi najua hayo tu. Mengine anayajua Tae-sik, huyo unayemdanganya kwenye simu.

Unamwonea haya kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wako. Wewe ulimtaka mtoto wa miaka kumi na tatu akiri mbele ya darasa zima kwamba hajui. Wewe una msikilizaji mmoja tu, na amekugeuzia mgongo kwa heshima! Kichwa kinaitikia, kidole kinakataa. Maneno ni yako, nimebadilisha moja.

Kwa mkeo, usingoje mpaka ujue kuitumia. Nenda jikoni sasa hivi, umwambie, "Mama Boram, haikuwa ngiri." Mdomo ukigoma, mpe gazeti hili alisome mwenyewe. Atakufokea, pengine na mwiko ataurusha. Uokote, umrudishie, endelea kueleza. Kisha mwombe aende nawe hospitali, kwa sababu jambo hili ni la watu wawili na wewe umelibeba kama wizi.

Akikubali, ile supu mle pamoja, sufuria nzima. Akisema bado anakwenda Seoul, mbebee mzigo hadi stesheni, umwulize atarudi lini. Hilo nalo ni swali ulilokuwa unaliogopa.

Na ukifika mbele ya Tae-sik, Mwalimu, nyoosha mkono.

Mama Noh