Niliipa Kazi Bei Kama Miraa, Sasa Kinyua Anaondoka

Shangazi Veronicah mpendwa, nisikilize kwanza kabla hujanicheka. Naitwa Nkirote, nina ofisi ndogo hapa Nchiru, juu ya duka la dawa, na mle ndani tuko wanne tunaandika programu ya simu ambamo mkulima wa miraa hutangaza mavuno yake na mnunuzi akayaona kabla bodaboda haijafika shambani, na tulianza wawili tu, mimi na Kinyua, mtu mpole anayeacha chai ipoe ndipo ainywe, na akikusikia umeguna tu mbele ya kompyuta anavuta kiti kando yako bila kuitwa.

Sasa shangazi, mimi nimezaliwa Laare, nimelelewa na soko, na kazi zilipoanza kukwama nilikaa dirishani nikitazama ukungu ukishuka milima ya Nyambene, macho wazi lakini naota, naona soko limejaa watu wanauza kazi za kompyuta zilizofungwa kwa majani ya migomba, kila mtu anachagua yake, hakuna anayesukumwa, bei peke yake ndiyo inaita, tena kwa sauti tamu, nikasema hii ndiyo dawa. Nikaweka ubao. Kila kazi nikaipa pointi, mwenye pointi nyingi anachagua siku zake za kupumzika, na kwa kuwa miraa ikilala haina mnunuzi, nikafanya pointi zipungue kila saa kazi inapokaa. Mwanzoni, haki ya Mungu, ilipendeza! Hitilafu ndogondogo ziliisha zote, wenzetu wale wawili, Gitari na Purity, wakawa wanakimbilia ubao asubuhi. Lakini kazi ndefu hakuna aliyezigusa ila Kinyua, na zikiisha pointi zake zimekauka, basi jina lake likakaa chini kabisa mbele ya wote, nami nikaliacha hapo kwa sababu nilisema soko halidanganyi.

Juzi matangazo ya wakulima wote yakaenda kwa mnunuzi mmoja, simu zikalia kila upande, na wale wawili wakatazama ubao kwanza kama kuna pointi. Kinyua akarekebisha kimya kimya, halafu akaniambia amepata kazi ya kufundisha Embu, mwisho wa mwezi anaenda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nkirote, mimi sikuwa nauza. Nilikuwa nakusaidia." Tangu hapo nikifumba macho naliona lile soko, limejaa pomoni, na hakuna hata mmoja anayenijua. Nibomoe ubao unaofanya kazi, au nimwache aende? Wala sijui kama ni kazi inayoniuma au ni kitu kingine.

Nkirote, Nchiru

Nkirote mwanangu, pole sana. Sasa keti nikukemee kidogo.

Miraa ni jani, ndiyo, likilala limekwisha. Na mti wake je? Aliyeupanda aliupalilia miaka bila kuchuma kitu, na hakuna aliyemwandika sifuri ubaoni. Wewe umemsifu mchumaji ukamwaibisha mpaliliaji, halafu unashangaa akifungasha! Na hapo Laare, mama akienda kunywa uji, jirani humwangalizia mzigo. Ulisikia lini akimdai? Mtoto wa soko mzima, na hilo hukuliona! Usiwalaumu Gitari na Purity, wamesoma kwako.

Ubao usiubomoe wote. Acha pointi kwa hitilafu ndogo, na zisipungue kwa saa. Kazi ndefu zitoe hapo kabisa, mzigawe mkiwa mmeketi, wawili wawili, na anayemsaidia mwenzake asihesabiwe chochote. Kinyua ulimwanika mbele ya wenzake, kwa hivyo umwombe msamaha mbele yao, kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Na ole wako umwongezee mshahara ili abaki! Ataona kweli hukumwelewa.

Bado lile la kukuuma. Wacha mchezo, Nkirote. Umeniandikia habari za huyu kijana kwa utamu ambao hiyo programu haikuupata. Akiamua kwenda Embu hata baada ya kuombwa radhi, mwache aende kwa amani, ofisi itajifunza kuishi. Lakini asiondoke bila kujua kwamba unampenda. Mwambie kabla hujajua atakujibu nini.